Aya Niliyoihifadhi Bila Kuijua: Historia ya Kuhifadhi na Kuelewa kwa Mwanamke wa Pwani



Leo sina mtindo mpya wa shela wala namna ya kufukiza udi. Leo nina historia, na ndani yake mna kisa changu mwenyewe ambacho kwa miaka mingi nilikionea haya. Nawaandikia kutoka mbali na bahari, Tunduma, mkoa wa Songwe, mpakani kabisa mwa Tanzania na Zambia. Nimezaliwa kisiwani, nikaolewa huku bara. Nina duka dogo la vitambaa na vyerehani vitatu, karibu na barabara ambako malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilipokuwa na miaka 12 nilihifadhi kurasa za mwanzo za Surat An-Nisaa kwa ajili ya mashindano ya chuo chetu. Nilizisoma bila kukosea hata irabu moja. Mama alilia kwa furaha, na mimi nikapewa mtandio mpya. Miaka kumi baadaye nikaolewa. Mahari yangu ilitolewa nusu taslimu, na wiki mbili baada ya harusi mtu mzima mmoja katika ukoo wetu akaniita. Akaniambia pesa ile ilipe madeni ya shughuli, kwa kuwa mahari ni ya wazee waliokulea. Nikaitoa yote, sikuuliza hata swali moja.

Nilikuja kujua nilichofanya miaka minne baadaye, hapa Tunduma. Usiku mmoja, baada ya kufunga duka, nilikuwa nasoma tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Nikafika aya ya 4 ya Surat An-Nisaa. Kiarabu chake kilinitoka mdomoni kabla jicho halijamaliza mstari. Kisha nikashuka kwenye Kiswahili, nikakuta Mwenyezi Mungu anaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na kwamba wengine wanaweza kula sehemu yake ikiwa tu mwanamke mwenyewe ameitoa kwa ridhaa ya nafsi yake.

Dada zangu, aya hiyo nilikuwa nayo kifuani tangu nina miaka 12. Siku niliyoihitaji haikuja. Nilibaki nimekaa juu ya kigoda cha cherehani najiuliza, inawezekanaje mtu akakumbuka kitu na asikikumbuke? Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima, na nilichokipata ndicho ninachowaletea leo.

Binti wa sultani na mfupa wa ngamia

Tuanzie nyumbani. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, akiwa binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani huko Aden na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kilichapishwa Berlin, na humo amesimulia jinsi watoto wa kasri walivyosomeshwa.

Walikaa mkekani, wakasoma Qur'ani kwa sauti, wakahifadhi. Kusoma kulifundishwa kwa wasichana na wavulana. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Na maana ya walichokisoma haikuwa sehemu ya somo. Mtoto alitakiwa ashike maneno, basi. Tukumbuke alikuwa anawaandikia wasomaji wa Ulaya na alikuwa ameshabadili dini, lakini yeyote kati yetu aliyepita chuoni anajua picha ile haikutungwa.

Salme hakuridhika. Akauweka msahafu mbele yake, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao zamani ulitumika kama ubao wa kuandikia, akaanza kunakili herufi moja moja kwa siri. Baadaye akapata mtu wa kumsaidia. Ilipojulikana, watu walimsema. Lakini mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Sultani Majid, waliokuwa katika njama ile walihitaji mtu wa kuwaandikia barua za siri. Kazi hiyo ikamwangukia Salme, msichana wa miaka kama 15, kwa sababu alikuwa na kalamu. Njama ilishindwa na yeye aliijutia, lakini tazama tofauti: wote walisoma mkeka mmoja, ila aliyejisumbua zaidi ndiye aliyeweza kukitoa alichojifunza siku kilipohitajika.

Mwanaume aliyejihifadhisha upuuzi

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Salme, yaani 1885, Mjerumani mwingine alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu. Aliitwa Hermann Ebbinghaus, na wakati huo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Berlin, mji uleule kilikochapishwa kitabu cha Salme. Alijitumia mwenyewe kama mtu wa majaribio. Alitunga maelfu ya silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazisoma kwa sauti tena na tena mpaka azihifadhi. Kisha akaziacha, na baada ya muda akajipima.

Alipima kwa njia ya kiujanja. Hakujiuliza tu, "Je, nakumbuka?" Aliihifadhi upya orodha ileile na kuangalia ameokoa kiasi gani cha kazi ikilinganishwa na mara ya kwanza. Baada ya saa moja akiba iliyobaki ilikuwa kama asilimia 44. Baada ya siku moja, kama 34. Baada ya mwezi, kama 21. Maana yake usahaulifu unakimbia sana mwanzoni, kisha unatulia.

Mambo mawili katika kazi yake yanatuhusu. La kwanza, hata alipodhani orodha imepotea yote, kuihifadhi upya kulikuwa rahisi kuliko mwanzo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kimebaki ndani ambacho yeye mwenyewe hakukiona. La pili, alipohifadhi beti za shairi la Byron badala ya silabi tupu, alihitaji karibu sehemu moja tu ya kumi ya juhudi. Maneno yenye maana yanashikamana, na maneno matupu lazima uyapigilie moja moja kama misumari.

Sasa mfikirie mtoto wa Unguja au Pemba asiyejua Kiarabu, anayehifadhi juzuu nzima. Kwake yeye silabi zile ni tukufu lakini maana yake imefungwa. Anafanya kazi ya Ebbinghaus, na anaifanya kwa mapenzi. Tusidharau nguvu ya watoto wetu.

Mkono wa bibi yangu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za viua ambazo wanawake wa visiwani wamezishona kwa vizazi na vizazi. Miaka yake ya mwisho alisahau mengi. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, na aliuliza asubuhi moja mara tano kama amekunywa chai. Lakini ukimpa sindano na kitambaa cha kofia, vidole vilitembea. Na ukianza Alhamdu, anaimaliza. Sisi tulisema ni baraka, na ni baraka kweli. Leo najua pia kwamba Mola ameiweka kumbukumbu ya mwanadamu katika zaidi ya chumba kimoja.

Mwaka 1911, daktari mmoja wa Geneva, Uswisi, aitwaye Édouard Claparède, aliandika habari za mgonjwa wake, mwanamke asiyeweza kushika jambo jipya. Kila siku daktari alijitambulisha upya. Siku moja akaficha pini mkononi akamchoma alipompa mkono. Baadaye yule mama hakukumbuka tukio lile, lakini daktari aliponyoosha mkono, akaurudisha wake nyuma. Hakujua sababu. Mkono ulijua.

Miaka arobaini baadaye hivi yakaja ya Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Kifafa kilipungua, ila tangu siku hiyo hakuweza kutunza kumbukumbu mpya. Mtaalamu Brenda Milner wa Montreal, Kanada, akampa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu, ijaribu uone. Kwa siku tatu mfululizo Henry alifanya vizuri zaidi na zaidi, na kila siku alisema hajawahi kuiona kazi hiyo maishani mwake.

Kutokana na watu kama hawa, wataalamu wakaona kuna kumbukumbu ya namna mbili. Mwaka 1985 Peter Graf na Daniel Schacter wakazipa majina ambayo mimi kwa Kiswahili chetu nitaziita kumbukumbu ya wazi na kumbukumbu iliyojificha. Ya wazi ni ile unayoiita kwa kusudi: mahari yangu ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa shahidi, aya hii inaamrisha nini. Iliyojificha ni ile inayotenda bila kuitwa: mkono wa bibi, ulimi wako katika Alhamdu, mguu wangu kwenye kanyagio la cherehani.

Kina cha kusoma kinaongeza nini?

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Fergus Craik na Robert Lockhart, walitoa hoja iliyotikisa somo hili. Walisema kinachoamua kama utakumbuka si wingi wa mara ulizotazama kitu peke yake, bali ni kina ulichofika wakati unakitazama. Mwaka 1975 Craik na Endel Tulving wakaonyesha kwa majaribio. Waliwapa watu maneno na maswali ya ngazi tatu. Ngazi ya juujuu: neno hili limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo? Ngazi ya kati: lina vina na neno fulani? Ngazi ya kina: linaingia katika sentensi hii? Watu hawakuambiwa kwamba baadaye watapimwa. Walipopimwa, maneno waliyofikiria maana yake yalikumbukwa zaidi sana kuliko yale waliyoangalia sura yake tu.

Mpaka hapo unaweza kusema, basi, kuelewa ndiyo kila kitu. Ngoja kwanza. Mwaka 1981 Larry Jacoby na Mark Dallas waliwapitisha watu katika ngazi hizohizo, kisha wakawapima kwa njia mbili. Ya kwanza: neno hili ulikutana nalo hapa muda uliopita? Hapo waliofikiria maana waliwaacha wenzao mbali. Ya pili: neno linapita mbele ya macho upesi mno, sema ni neno gani. Hapo waliowahi kuliona walifaidika, lakini kina hakikuongeza kitu. Aliyeangalia herufi tu na aliyefikiria maana walikuwa karibu sawa.

Soma tena hapo, dada yangu, maana ndipo kilipo kisa changu chote. Kukutana na neno mara nyingi kunaupa ulimi na jicho wepesi, hata kama hukuelewa. Ila ili neno lije unapoliita, ili liseme "mimi hapa" siku ya haja, linahitaji liwe limepita kwenye maana. Ulimi wangu wa miaka 12 ulikuwa mwepesi kweli. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza aya ile inazungumzia pesa ya nani.

Wataalamu waliofuata waliongeza jambo: kumbukumbu iliyojificha nayo hunufaika na kina pale kazi yenyewe inapokuwa ya maana. Kwa mfano, mtu akiambiwa ataje haraka matunda yoyote yanayomjia, tunda alilolifikiria kwa kina hapo awali lina nafasi kubwa zaidi ya kuchomoza, hata kama hakumbuki alikutana nalo wapi. Kwa hiyo si kwamba vyumba hivi viwili havina mlango kati yao.

Tusiwalaumu walimu wetu

Naomba mtu asinielewe vibaya akasema nimekuja kuvunja heshima ya vyuo. Mwaka 1977 C. Donald Morris, John Bransford na Jeffery Franks walionyesha kwamba watu waliojifunza maneno kwa kusikiliza vina vyake, walipopimwa kwa vina, waliwashinda waliojifunza kwa maana. Yaani kila mafunzo yana mtihani wake. Mwenye kujiandaa kwa sauti atafaulu kwenye sauti.

Na kuna ushahidi wa Waislamu wenzetu wa Afrika Magharibi. Sylvia Scribner na Michael Cole walifanya utafiti kwa watu wa kabila la Vai, Liberia, wakatoa kitabu mwaka 1981. Waliona waliosoma Qur'ani walikuwa hodari katika zoezi moja la kumbukumbu: orodha ya maneno inayoongezwa neno moja kila mara, nawe unaanza mwanzo na kuongeza. Bila shaka umeitambua. Ndivyo tunavyohifadhi, aya ya jana kwanza, ya leo juu yake. Katika mazoezi mengine ya kumbukumbu hawakuwa na ubora huo. Chuo kiliwapa kile hasa kilichowazoesha, kikawapa barabara.

Nami kwenye cherehani nimeliona hilo. Nilipojiunga na kozi ya ushonaji, mwalimu alieleza vizuri sana jinsi cherehani cha miguu kinavyofanya kazi, nikaelewa kila kitu na kukiandika. Nilipokaa, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Siku ya pili, vilevile. Kuelewa hakukunipa mguu. Kilichonipa mguu ni kukanyaga tupu, bila uzi, siku nyingi. Leo hii nikimfundisha msichana mpya siwezi hata kumwambia kwa mdomo namna ninavyoulaza mguu. Inabidi nikae nimwonyeshe. Lakini kukata gauni la harusi ni jambo jingine. Yule aliyekariri tu kwamba hapa uongeze inchi moja ataharibu kitambaa siku akija bibi harusi mwenye mwili tofauti. Aliyeelewa kwa nini inaongezwa, ataongeza na kupunguza mwenyewe.

Kwa hiyo tajwidi, sala, nyiradi za asubuhi na jioni, hizi zinahitaji kurudiwa mpaka ulimi uende wenyewe. Haki zako, wajibu wako na masharti ya ndoa yako, haya yanahitaji maana. Kosa si kukariri. Kosa ni kupewa kukariri peke yake, kisha siku ya mtihani ukaulizwa maana.

Wanawake waliotaka vyote viwili

Dini yetu haikuwahi kutenganisha haya. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokea hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba walimwendea si kwa hesabu hiyo tu bali kwa ufahamu wake, kwani aliwasahihisha pale maneno yalipochukuliwa nje ya maana yake. Bibi Hafsa bint Umar alifundishwa kuandika na mwanamke mwenzake, Shifaa bint Abdullah. Na mahafidhi wengi walipouawa katika vita vya Yamama, Qur'ani ikakusanywa kwa maandishi, na kurasa zile hatimaye zikatunzwa kwa Bibi Hafsa. Kifua na kalamu vilifanya kazi pamoja.

Pwani yetu nayo ina mwanamke wake. Mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Sheikh Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa na alikuwa na binti aliyekaribia umri wa kuolewa, Mwana Hashima. Akamtungia utenzi wa mawaidha, na mwanzoni tu anamwita binti aje na wino na karatasi. Mama alifariki miaka kama miwili baadaye. Unaweza usikubaliane na kila nasaha aliyoitoa kwa mke wa zama zake, lakini tazama ufundi wake wa kufundisha. Mizani minane na vina vinaushika ulimi usipotee. Lugha ni Kiswahili cha nyumbani, kwa hiyo maana inaingia. Na karatasi inabaki baada ya mama kuondoka. Ndiyo maana wanawake wa Lamu na kwingineko waliuhifadhi kwa vizazi.

Njia ya wengi ilichukua muda mrefu zaidi. Zanzibar shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na hata hapo wazazi wengi waliogopa kalamu mikononi mwa mabinti, wakisema wataandika barua za mapenzi. Na mwaka 1969 ilikamilika tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, mwana wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Haikuwa ya kwanza kwa Kiswahili, lakini iliingia majumbani kwetu kuliko nyingine. Mwanamke aliyekuwa akikhitimu kila Ramadhani bila kujua anachosoma sasa aliweza kushuka mstari wa chini akasoma kwa lugha ya mama yake. Ni hiyo niliyokuwa nayo mimi usiku ule Tunduma.

Wewe unayeolewa

Sasa nije kwako bibi harusi, maana wewe ndiye uko mlangoni mwa mtihani. Najua jinsi siku zile zinavyokwenda. Somo wako anakuja, nyimbo, misemo, mafumbo, dua za kila jambo, huku singo iko usoni na hina haijakauka. Kila kitu kinapita masikioni. Ukiulizwa baada ya mwezi unakumbuka nyimbo tu.

Nakushauri hivi. Kwanza, kila unachofundishwa, kieleze tena kwa maneno yako mwenyewe mbele ya somo wako. Ukishindwa, mwulize. Hilo si utovu wa adabu. Qur'ani yenyewe katika Surat Saad, aya ya 29, inasema imeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake. Pili, liunganishe na maisha yako. Usihifadhi tu kwamba mahari ni haki ya mke. Jiulize: mahari yangu mimi ni nini, ipi taslimu, ipi ya baadaye, imeandikwa wapi, na akija mtu kuiomba nitamjibu nini? Tatu, funga daftari na ujiulize siku ya pili, wiki ya pili, kwa kuwa Ebbinghaus ameshatuonyesha kwamba usahaulifu unakimbia sana siku ya kwanza. Nne, andika. Binti wa sultani alitafuta mfupa wa ngamia. Wewe una simu mkononi.

Na yale ya ulimi na mkono, yarudie bila kuchoka. Siku ukizeeka kama bibi yangu, huenda hayo ndiyo yatakayobaki nawe, na hakuna hazina tamu kama ulimi unaomaliza Alhamdu wenyewe.

Mwisho wa kisa changu

Baada ya usiku ule nilikaa miezi mitatu nikipanga maneno. Kisha nikasafiri nyumbani, nikamwendea yule mzee kwa heshima, nikamsomea aya ile. Akaimalizia yeye kwa Kiarabu, kwa sauti nzuri kuliko yangu. Nikamsomea na Kiswahili chake. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, naisoma kila Ramadhani."

Sikumwona kama mwizi. Nilimwona kama mimi. Sote wawili tulikuwa na aya midomoni, na sote ilitupita. Alinirudishia sehemu ya pesa kidogo kidogo, na ndiyo iliyoninunulia cherehani changu cha pili. Sehemu iliyobaki nilimsamehe, na nilimsamehe kwa ridhaa ya nafsi yangu, kama aya inavyotaka. Ile mara ya kwanza haikuwa ridhaa. Huwezi kuridhia kutoa kitu ambacho hujui kuwa ni chako.

Binti yangu sasa ana miaka saba na anahifadhi katika chuo cha hapa Tunduma. Jioni akirudi ananisomea aya mpya, nami namsahihisha herufi. Kisha namwuliza, "Hapa Mola anatuambia nini?" Mara nyingi hajui. Tunashuka mstari wa chini pamoja.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, uifanye Qur'ani iwe nuru ya vifua vyetu na iwe hoja kwa ajili yetu, isiwe hoja dhidi yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.